Mnyororo wa Macho ya Mgebuka

Kila asubuhi Dorothée aliisalimu mashine kabla ya kuigusa. Alifungua mlango wa karakana ya masista wa Baraka, akasema, "Umeamukaje?" kama anavyosalimiwa mtu mliyelala naye nyumba moja, kisha akapita hadi chumba cha nyuma. Huko ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari umening'inia mnyororo wa vibao. Alichagua mnyororo wa kazi ya siku hiyo, akaubeba begani kama mtu abebaye mtoto aliyesinzia, akaupandisha juu ya mashine.

Bila mnyororo, mashine ile ya kufumia ilikuwa mbao tupu. Ilikuwa na fremu nane, na kila fremu ilishika sehemu yake ya nyuzi nyeupe za mtande zilizotandazwa kwa urefu. Ukikanyaga chini, baadhi ya fremu huinuka, nyingine hubaki, na katikati hufunguka njia ya kupitisha naveti, kile kijumba cha mti kinachobeba uzi wa buluu. Lakini zipi ziinuke na zipi zibaki? Mashine yenyewe haikujua. Iliuliza mnyororo. Kila kibao kilikuwa na matundu manane. Penye tundu lililochomekwa kijiti, fremu iliinuka. Palipo wazi, ilikaa. Kanyaga mara moja, mashine inasoma kibao kimoja. Kanyaga tena, inasoma kinachofuata. Mnyororo ukiisha unaanza upya, na ua lile lile linatokea tena kwenye nguo. Ukitaka ua jingine huibadilishi mashine. Unarudi chumba cha nyuma.

Dorothée alijifunza kazi hiyo akiwa mjane wa mwaka mmoja. Alizaliwa Lubondja, akaolewa Baraka na Fabien, mvuvi mpole aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Homa ilimchukua Fabien katika msimu mmoja wa mvua, akamwacha na watoto wawili, Norbert na Marie. Baada ya matanga ukoo wa Fabien ulikaa kikao. Kwa desturi ya watu wake, watoto ni wa ukoo wa baba. Mama yao, kama haolewi na ndugu wa marehemu, anarudi kwao mikono mitupu. Ndugu wa Fabien hawakuwa watu wabaya. Walisema tu yale yaliyozoeleka kusemwa.

Aliyewanyamazisha alikuwa Suzanne, mama yake Fabien, msuka mikeka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aitaye watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Huyu anabaki kwangu," alisema. "Kama anaweza kulisha batoto, anabaki. Siku atashindwa, mutarudi hapa na maneno yenu."

Basi ndivyo maisha ya Dorothée yalivyofungwa kwenye mashine ile. Masera Georgette, sista mkuu wa karakana, alimpa kazi. Fratèri mmoja mzee, mtawa wa kiume aliyeileta mashine kutoka Ulaya na kuiunga kwa mikono yake alimfundisha. Mashine ikibaki Baraka, na yeye anabaki, na watoto wanalala miguuni pake. Mashine ikiondoka, barabara ya Lubondja inamngoja, na mashamba ya pamba yasiyokwisha, na watoto atawaona sikukuu kwa sikukuu.

Na mwaka huo, 1956, mashine ilikuwa karibu kuondoka. Masista wa Albertville walikuwa wakiiomba kwa muda mrefu. Masera Georgette alimwita Dorothée, akamkalisha, akamwambia wazi, kwa Kiswahili chake cha vitabuni:

"Mama, sitakuficha. Wazazi wa Nundu, wale wa nyumba ya uzazi, wanahitaji mashuka, na wamechagua lile ua la macho. Lori litakuja kuyachukua wiki moja kabla ya Pasaka. Yakiwa tayari, nitakuwa na neno la kuwaambia wenzangu wa Albertville. Yasipokuwa tayari, mashine itapanda meli."

"Yatakuwa tayari, Masera."

Ua la macho lilikuwa kazi ya mwisho ya fratèri. Aliupanga mnyororo wake kijiti kwa kijiti, wakafuma pamoja kipande kimoja cha majaribio. Watu wa Nundu walikiona kipande hicho, wakakipenda. Kilikuwa na madoa ya buluu kwenye uwanja mweupe, kila doa na mboni yake katikati, na wanawake wa soko wakakiita macho ya mgebuka, kwa sababu samaki huyo hata akikaushwa haachi kukutazama. Kisha fratèri alirudi kwao Ulaya, na haukupita muda habari zikaja kwamba amezikwa. Mnyororo ulibaki kwenye msumari wake.

Dorothée alikuwa amekwisha kutandaza nyuzi na kuzipitisha kwenye fremu pale alipoitwa Lubondja kwenye msiba wa mjomba wake. Alimwachia Suzanne ufunguo ili afagie. Aliporudi alikuta karakana inang'aa. Sakafu imefagiwa, madirisha yamefutwa, na hewani kuna harufu ya mawese. Aliisalimu mashine, akauchukua mnyororo wa macho, akaupandisha, akakanyaga.

Fremu zote nane zikainuka kwa pamoja.

Akakanyaga tena. Zote tena. Uzi wa buluu ukapita chini ya nyuzi zote bila kushikwa na hata mmoja. Akaendelea kukanyaga hadi alipofika katikati ya mnyororo, na hapo hakuna fremu hata moja iliyoinuka. Alipanda juu ya kigoda akatazama. Vibao vya mwanzo vilikuwa vimejazwa vijiti, tundu kwa tundu, safu nzuri zinazometa mafuta. Vibao vya mwisho vilikuwa vitupu.

Alikwenda nyumbani polepole. Suzanne alikuwa ugani, mkeka umelala magotini.

"Umefika? Umeona kazi yangu?" Suzanne aliuliza, uso umechangamka.

"Nimeona, Mama. Karakana iko safi sana."

"Na ule munyororo? Nilikuta unga chini yake, bidudu bimeanza kutoboa miti. Nikasema, mashine hii ndiyo inatulisha, mi nikae tu naangalia? Nikatoa bijiti byote, nikabilaza ndani ya mawese, nikabianika. Kama tunavyofanya na mipini ya majembe. Halafu nikaona fratèri wenu aliacha mapengo mapengo, kama kinywa cha muzee. Nikabipanga muzuri. Tu habikutosha mpaka mwisho."

Dorothée alikaa chini. Na kwa desturi, mkwe hamkemei mama wa mume wake, hata kwa macho.

"Hukupenda?" Suzanne akauliza.

"Mama," alisema, "yale mapengo ndiyo maneno yenyewe. Kijiti kinasema inuka, pengo linasema kaa. Ndiyo mashine inasoma."

Suzanne aliuweka mkeka pembeni. Alikuwa msuka mikeka tangu utotoni. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alitazama mikono yake, iliyokuwa bado na rangi ya mawese kwenye kucha.

"Basi nimekata ulimi wake," alisema kwa sauti ndogo ambayo Dorothée hakuwahi kuisikia kwake. "Nimewatenganisha wajukuu wangu na mama yao mi mwenyewe."

"Hapana. Ulitaka kunisaidia."

"We sema hivyo. Balamu zako, ndugu za Fabien, watasema namna ingine."

Siku ile hawakupika. Watoto walikula kwa jirani.

Asubuhi Dorothée alikwenda kwa Masera Georgette, akamwambia mnyororo umeharibika. Alipoulizwa ni nani aliyeuharibu, alisema, "Ufunguo nilipewa mimi," na Masera hakuuliza tena. Alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya utaji, akairudisha puani.

"Fratèri hakuacha mchoro wowote?"

"Hakuacha kitu, Masera. Aliweka kwenye mnyororo na kwenye kichwa chake."

"Na kile kipande cha majaribio? Kiko wapi?"

Ndipo Dorothée alipokumbuka.

Kipande kile fratèri alimpa yeye. Na yeye alikitoa. Ilikuwa siku ya mvua ya baridi, sokoni, alipomwona Mukashema, mwanamke wa milimani ambaye hushuka kuuza samli, amejibana chini ya ukingo wa paa na mtoto mchanga anayetetemeka. Hawakujuana. Dorothée alitoa kile kipande kwenye kapu lake, akamfunika mtoto, akaenda zake. Tangu hapo, kila Mukashema aliposhuka, alimpimia Dorothée samli kidogo zaidi ya haki, na walisalimiana kwa maneno machache ya Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda cha mmoja na Kibembe cha mwingine havikukutana popote.

"Siku ya soko, Masera. Nipe mpaka siku ya soko."

"Nakupa. Lakini lori sitaweza kulizuia."

Siku ya soko Dorothée na Suzanne walisimama mwanzo wa njia ya milimani tangu umande haujakauka. Wanawake wa juu waliteremka mmoja mmoja, warefu, vibuyu vichwani. Mukashema alikuwa karibu wa mwisho. Mtoto alikuwa mgongoni, amenenepa, amelala, amefungwa kwa kitambaa ambacho mtu asiyekijua angedhani ni ngozi. Samli, vumbi na jua vilikuwa vimezifanya nyeupe na buluu kuwa rangi moja ya majani makavu.

Suzanne alikishika pindo, akakisugua kwa kidole gumba, akaguna.

"Macho yote yamelala."

Dorothée alimweleza Mukashema kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Mashine. Mnyororo. Nyuzi zilizoshikamana kwa samli, ambazo hazitasomeka bila kufumuliwa. "Nitakiharibu, dada. Pindo lote. Pengine nusu."

Mukashema alisikiliza hadi mwisho. "Mvua ile," alisema, "we uliniuliza nini?"

"Sikukuuliza kitu."

"Na mi siulizi. Twende. Lakini mutoto ataamuka kwanza yeye mwenyewe."

Wakaenda naye karakana, wakakaa sakafuni wakimngoja mtoto. Suzanne alianza kuhangaika.

"Huyu analala kama chifu," alinong'ona.

"Anakula samli," alisema Mukashema. "Batu ya samli banalala."

"Wetu wanakula ndagala za ziwani, ndiyo maana wanakesha wanakimbia."

Walicheka watatu, chini chini, na Dorothée alipofuta machozi ya kucheka alijikuta yanaendelea kutoka. Hatimaye mtoto alifumbua macho, akatazama kila mtu, akaona hakuna cha kumtia hofu, akapokelewa na mama yake. Kitambaa kikawa huru.

Walikitandika kwenye mwanga wa dirisha, upande wa nje ukiwa juu, kwa kuwa upande uliokaa kwenye mgongo wa mtoto ulikuwa umelowa samli zaidi. Dorothée alikuwa na vijiti vyote ndani ya bakuli, na mnyororo mtupu mapajani. Alitaka kuanza kusoma mwenyewe, lakini Suzanne alimsogeza kwa kiwiko.

"Lete hapa. Mi ndiye nilikata huu ulimi."

Alichukua sindano ya kushonea nyavu, akauinua uzi wa kwanza wa upana, uliokuwa wa buluu, na macho yake, ambayo hayakuweza tena kutambua uso wa mtu mlangoni, yaliona jambo ambalo yamekuwa yakiliona maisha yote: unyuzi unaopita juu, unyuzi unaojificha chini. Kisha hakuhitaji hata kutazama. Alipapasa. Midomo yake ilianza kutamka kama anavyotamka akisuka.

"Juu. Chini. Chini. Chini. Juu. Chini..."

Dorothée alichomeka. Juu, kijiti. Chini, pengo. Kibao kilipokamilika, Mukashema, mtoto kwenye titi, aliuvuta uzi uliokwisha kusomwa na kuuzungusha kidoleni, ili usipotee, na uliofuata ukajitokeza. Nyuzi nyingine zilikuwa zimegandamana hata zikakatika. Kila mmoja ulipokatika, Dorothée alimtazama Mukashema, na kila mara Mukashema alitikisa kichwa kuelekea mnyororo: endelea. Kitambaa kilifupika. Kibuyu cha samli kilikaa mlangoni bila kuuzwa. Masera Georgette alipita, akawaona, akasimama kidogo, kisha akarudi na ndizi za kuchemsha na maji, akaviweka karibu nao bila kuwakatiza hesabu.

Walimaliza jua likiwa limeinama. Njia ya milimani ni ndefu, na Dorothée hakukubali Mukashema aianze saa hiyo. Alilala kwao, kwenye mkeka mpya ambao Suzanne alikuwa amesuka kwa ajili ya kuuza.

Asubuhi waliongozana wote watatu na mtoto. "Umeamukaje?" Dorothée aliiambia mashine. Alipandisha mnyororo, akakanyaga, naveti ikapita. Fremu ziliinuka kila moja kwa zamu yake, kwa ule mlio wa kubishana taratibu aliokuwa ameukosa. Suzanne alishika ukingo wa mashine kwa mikono miwili. Nguo ikaanza kuonekana, upana wa kidole, upana wa kiganja. Kisha Dorothée akasimama.

Uwanja ulikuwa wa buluu. Na macho, kwa kuwa ni kweli yalikuwa macho, yalikuwa meupe.

"Yamekuwa vipofu," alisema.

Alirudia kibao kwa kibao kichwani mwake. Hakuona kosa. Watu wa Nundu waliagiza nguo nyeupe yenye macho ya buluu. Hii ilikuwa kinyume chake, kila kitu mahali pake na kila kitu si chenyewe. Lori lilikuwa karibu, na kitambaa cha kusoma upya kilikuwa kimebaki nyuzi mkononi mwa Mukashema.

Suzanne alijishusha sakafuni, mgongo kwenye mguu wa mashine, akainamisha kichwa. Halafu sauti yake ikatoka chini ya nguo.

"Mama Norbert."

"Naam, Mama."

"Kuko mugebuka huku ananiangalia."

Dorothée aliinama. Chini ya nguo, upande unaotazama sakafu, uwanja ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, na macho yalikuwa ya buluu, kila moja na mboni yake.

Ilichukua muda kidogo kabla hawajaelewa, na aliyewaelewesha ni Mukashema. Alimgeuza mtoto wake mgongoni, akaonyesha kwa mkono jinsi alivyokuwa akimfunga.

"Macho, mi niliweka ndani," alisema. "Bamutazame mutoto. Nje nani anataka kutazamwa?"

Basi walikuwa wamesoma mgongo wa nguo. Kila kilicho juu upande mmoja ni chini upande wa pili, na mnyororo ulisema kweli tupu, ila uliisema kutoka upande wa nje, upande waliokuwa wameutandika juu. Mashine ilikuwa inafuma shuka la Nundu kikamilifu, kifudifudi.

Suzanne alianza kucheka akiwa bado chini, na kicheko chake kikalitingisha shuka. "Wacha ikae hivyo," alisema. "Mutu anasuka mukeka upande wa chini maisha yote, nguo itashindwa nini?"

Wakaiacha hivyo. Dorothée alifuma mashuka yote ya Nundu yakiwa yamefudikizwa, bila kuona alichokifuma, na kila mara alipotaka kujua kama mambo ni salama, Suzanne alijishusha sakafuni, akatazama juu na kusema, "Wako macho."

Lori lilipofika, mashuka yalikuwa yamekunjwa. Masera Georgette alifungua moja, akaligeuza pande zote mbili, akalipeleka puani. Kisha akapita chumba cha nyuma, akausogelea mnyororo uliorudi kwenye msumari wake, na kugusa kijiti kimoja. Kidole kilitoka na rangi ya machungwa. Alikinusa. Alimtazama Suzanne, aliyekuwa ameshika ufagio kwa nguvu kupita haja ya kufagia.

"Mama Suzanne," alisema, "vidudu havitagusa mnyororo huu tena. Aksanti. Ile mingine nayo itiwe mafuta. Lakini vijiti vikiwa ndani."

"Ndiyo, Masera," alisema Suzanne, na kwa mara ya kwanza mtu wa Baraka alimsikia akijibu kwa sauti ya kawaida.

Meli ya Albertville ilipita juma hilo bila kubeba mashine. Ndugu wa Fabien walipata habari, wakaja kusalimia, wakala, wakazungumza habari za nyavu, wakaondoka.

Kazi ya kwanza ya Dorothée baada ya lori kuondoka ilikuwa kitambaa cha kubebea mtoto, kirefu, chenye pindo maradufu. Alikifuma kwa uzi uliobaki, Masera akijua. Mukashema aliposhuka, alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa adabu ya kwao, akasema, "Murakoze cyane," na Dorothée akamjibu "aksanti," na kwa muda walisimama wakirudishiana shukrani, kila mmoja akikataa kuwa wa mwisho kuipokea. Kisha Mukashema akamfunga mtoto. Macho ndani.

Dorothée alikata pembe ndogo ya nguo ile ya kwanza iliyotoka kipofu, akaifunga kwenye mnyororo wake. Baadaye akafanya vivyo kwa minyororo mingine yote, kila mmoja na kipande cha nguo yake, hivi kwamba chumba cha nyuma kilionekana kama kamba ya kuanikia nguo za watoto wadogo sana. Norbert na Marie walikulia chini ya mashine ile. Wakiulizwa na wageni mama yao anafanya kazi gani, walisema anaisomea mashine. Na wakiulizwa bibi yao je, walisema analala chini anatazama.